Filta ya "zamani" inakudanganya

Nianze na lalamiko. Pale steshenari ninapopiga picha za pasipoti haipiti wiki bila mtu kuja na picha ya simu, kapiga mbele ya mlango wa nakshi kule Mji Mkongwe, anasema "bro nifanyie iwe kama ya zamani", na anachotaka ni ile filta ya kahawia iliyopo kwenye kila app, rangi moja kama uji wa ulezi imemwagwa picha nzima, pembeni giza kidogo, mikwaruzo ya kubandika, basi. Namfanyia, buku mbili yake naweka droo, mteja ni mfalme. Ila kiukweli hamna picha ya zamani iliyokuwa hivyo, na mi naona hiyo filta ndo inawafanya vijana wengi wanaopenda kuediti wasijue kuediti.

Maana wengi wetu tumejifunzia kwenye video. Jamaa anaongea mbio, anabonyeza hapa anavuta pale, unamfuata hatua kwa hatua, mwisho unapata picha kama yake unajiona fundi, kesho ukipewa picha nyingine yenye mwanga tofauti umekwama, kwa sababu ulikariri vibonyezo. Mi kilichonitoa huko ni kuachana na video na kuanza kuiga mitindo ya kale, mmoja mmoja, lakini kwa kujiuliza kwanza kwanini ilionekana vile. Wale wazee hawakuwa na filta jamani. Chochote unachokiona kwenye picha zao kilisababishwa na kitu, iwe dawa, kioo, jua au mfuko wa mteja, na ukishakijua hicho kitu unajua uende kwenye menyu gani.

Natumia GIMP, programu ya kuediti picha, ni ya bure na inajikongoja hivyohivyo kwenye kompyuta yangu ya RAM GB 4, siku nyingine Photopea kwenye kivinjari bando likiwepo. Photoshop sina ugomvi nayo, bei yake ndo ina ugomvi na mimi.

Haya, tuanze na anga. Tafuta picha yoyote ya Bagamoyo ya enzi za Wajerumani, ile miaka ya 1890 Boma lilipojengwa, uangalie juu. Jeupe tupu. Hamna wingu, hamna chochote, wakati sisi wa hapa tunajua anga la pwani lilivyo, hasa kusi ikivuma. Mawingu yalikuwepo, sahani tu, yaani kile kioo chenye dawa kilichokaa ndani ya kamera badala ya filamu, ndo ilikuwa haiyaoni. Kuanzia 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alipotoa njia ya kolodioni, ile ya kumwaga dawa kwenye kioo na kupiga picha kabla haijakauka, na hata baadaye zilipokuja sahani kavu za jelatini, dawa yenyewe ilikuwa chumvi za fedha ambazo zinashtuka kwa mwanga wa bluu na urujuani, mwekundu kwao ni sawa na giza. Kwahiyo anga la bluu linaunguza sahani lote linatoka jeupe na mawingu yake humohumo. Mjerumani Hermann Vogel aligundua 1873 kwamba ukitia rangi fulani kwenye dawa inaanza kuona na kijani, ila nyekundu iliendelea kusubiri sana.

Sasa hapo ndo nilipoelewa chaneli ni nini, kitu ambacho video zote nilizoangalia zilikuwa zinakipita juujuu. Picha yako ya simu ni picha tatu zimelaliana, nyekundu, kijani na bluu. Ukibonyeza kile cha kawaida cha kuifanya nyeusi na nyeupe, programu inazichanganya zote na kuipa kijani uzito mkubwa kwa sababu ndo jicho letu linavyoona. Achana nacho. Zitenganishe chaneli, tupa nyekundu, tupa kijani, baki na ya bluu peke yake, hiyo ndo sahani yako ya kolodioni.

Nilimpiga mama mkubwa amesimama kwenye ukuta wa matumbawe amejifunga kanga nyekundu yenye maandishi meusi. Kwenye rangi, jina la kanga linasomeka toka mbali. Kwenye chaneli ya bluu jina lilipotea kabisa, maana nyekundu iligeuka nyeusi ikalingana na wino, kanga ikawa kipande kimoja cheusi chenye pindo. Ukuta ulibaki vilevile, anga likawa jeupe kama nilivyokwambia. Na uso wake ukatoka mweusi zaidi ya alivyo, kila mkunjo unaonekana, kwa sababu ngozi ya binadamu, yeyote yule, inarudisha wekundu mwingi na bluu kidogo. Nilipomuonyesha akasema "we mtoto mbona umenifanya nimekuwa bibi yake bibi?" Nikamwambia mama mkubwa si mimi, ni chaneli. Lakini toka siku hiyo nikiona picha za babu zetu za wakati ule, wale wapagazi na wavuvi waliosimamishwa mbele ya kamera, wamekakamaa, nyuso kama mkaa na macho makavu, sizisomi tena kama zamani. Dawa haikuwa inawaona vizuri, na aliyeshika kamera naye sidhani kama alikuwa anajali.

Halafu ndo ije hiyo kahawia. Picha nyingi za karne ya 19 zilichapwa kwenye karatasi ya ute wa yai, njia ya Mfaransa Blanquart-Evrard ya 1850, kisha zinatiwa dawa yenye dhahabu ili zidumu. Matokeo yake sehemu za giza zina kahawia inayoelekea zambarau, na sehemu nyeupe zimekuwa njano kwa sababu ule ute umezeeka. Yaani ni rangi mbili, moja gizani moja mwangani! Filta inakupa moja. Ukitaka kuifanya sawasawa nenda kwenye kevu, kile kimstari unachokivuta kinapinda, lakini usivute kile cha jumla, ingia chaneli ya bluu ushushe upande wa mwanga kidogo, nyeupe inakuwa njano, halafu upande wa giza pandisha bluu kidogo na nyekundu zaidi yake. Kidogo, nasisitiza. Mi mpaka hapo nilikuwa naogopa kevu, nilikuwa navuta tu ile ya kuongeza mwanga.

Kuhusu anga kuna Mfaransa mwingine nampenda sana, Gustave Le Gray. Yeye tatizo la anga jeupe alilikataa. Miaka ya 1856 na 1857 alikuwa anapiga picha za bahari, na kwa kuwa sahani ikipimwa kwa ajili ya maji anga linaungua, na ikipimwa kwa ajili ya anga maji yanakuwa giza, akawa kwenye baadhi ya picha anapiga mbili, moja ya mawimbi moja ya mawingu, anaziunganisha kwenye karatasi moja pale kwenye mstari wa upeo. Watu wanaosema kuunganisha picha ni udanganyifu wa kompyuta waambieni jambo hilo lina zaidi ya miaka 160. Mwisho wa yote akaishia Misri, akafia Cairo 1884, mwalimu wa kuchora.

Zoezi lake linafaa sana mtu anayeanza maski, ile ya kuficha sehemu ya picha bila kuifuta, na sisi Bagamoyo tumebarikiwa maana upeo wetu umenyooka. Nenda ufukweni maji yakiwa yamejaa, piga moja umegusa skrini kwenye maji, piga ya pili umegusa kwenye mawingu, usisogee. Nyumbani weka ya mawingu juu, itie maski, chukua brashi laini nyeusi ufute chini ya upeo. Kazi ipo kwenye vitu vinavyokatiza upeo, ngalawa na tanga lake, mlingoti, kamba. Hapo brashi laini inakuacha na kivuli cheupe kuzunguka tanga kama nuru ya malaika, kwahiyo inabidi uvute picha kubwa, upunguze brashi, upite pembeni ya tanga taratibu. Inachosha ila ukimaliza mlingoti mmoja umejua maski maisha yako yote.

Sasa zoezi ninalolipenda kuliko yote. Kuna Mrusi anaitwa Sergey Prokudin-Gorsky, alizunguka himaya ya Urusi kuanzia kama 1909 hadi 1915 kwa kibali cha mfalme wao akipiga picha za rangi, wakati filamu ya rangi kama tunavyoijua haipo. Alichofanya ni kupiga sahani nyeusi na nyeupe mara tatu mfululizo, moja kupitia kioo chekundu, moja cha kijani, moja cha bluu, halafu anazimulika zote tatu kwa pamoja kupitia vioo vilevile na rangi inarudi. Wazo lenyewe mwanasayansi wa Uskoti James Clerk Maxwell alishalionyesha 1861 kwa utepe tu. Sahani za Mrusi Maktaba ya Bunge la Marekani ilizinunua 1948 na ukiziona leo utadhani zimepigwa juzi, isipokuwa vitu vilivyotikisika. Mto unatoa upinde wa mvua. Moshi unatoa rangi. Mtoto aliyegeuza kichwa ana kingo za kijani na nyekundu.

Nikasema hii lazima niipeleke soko la samaki. Asubuhi mashua zinaporudi pale pamejaa vitu vinavyotembea na vitu visivyotembea, ndo unachokitaka. Nikafunga simu kwenye stendi, nikapiga tatu, sekunde chache chache kati ya moja na nyingine, jamaa mmoja akauliza "braza unahesabu samaki au?" Nyumbani nikatoa chaneli nyekundu kwenye picha ya kwanza, kijani kwenye ya pili, bluu kwenye ya tatu, nikaziunganisha. Kuta, nguzo, mashua iliyokwama mchangani, vyote vina rangi yake ya kawaida kabisa, hujui kama zimetoka picha tatu. Maji rangi zinachezacheza. Moshi wa wakaanga samaki ukawa wa rangi zote, nyie, moshi ule!

Na ndani yake kuna kitu nilikaa nakitazama muda mrefu. Mchukuzi aliyepita amebeba ndoo kichwani mbele ya mchanga mweupe alitokea mara tatu, sawa, nilitegemea hivyo, nikadhani atakuwa mwekundu, kijani na bluu. Lahaula, akatoka rangi ya feruzi, waridi iliyokolea na njano. Wakati ndoo nyeupe iliyopita mbele ya ubavu wa mashua nyeusi ndo imetoka nyekundu, kijani na bluu. Mbona hivyo? Nikachora kwenye karatasi nikaelewa. Mtu mweusi mbele ya mchanga mweupe anaziba mwanga. Kwenye ile picha ya kwanza anaziba nyekundu tu, kijani na bluu za mchanga zinabaki zinaungana, inapatikana feruzi. Ndoo nyeupe mbele ya kitu cheusi yenyewe inaongeza mwanga, kwahiyo inaonekana rangi ya chaneli yake. Wino wa printa yetu pale kazini ni feruzi, waridi na njano hizohizo, kwa sababu wino nao kazi yake ni kuziba mwanga wa karatasi nyeupe. Miaka yote nabadilisha katriji bila kujua kwanini ni hizo.

Na usidhani hayo ya vichujio yameisha. Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza 1976 ya kupanga vichujio vidogo vidogo juu ya kihisi cha kamera, viwili vya kijani kwa kila kimoja chekundu na kimoja cha bluu, na simu yako uliyoshika hapo inafanya kazi kwa mpango huohuo au ndugu yake. Yaani kila selfie ni Mrusi mdogo.

Sayanotaipu nitapita haraka. John Herschel, 1842, chumvi za chuma badala ya fedha, picha ya bluu iliyokolea na nyeupe, unaanika juani unaosha na maji. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika mbili, nyeusi na nyeupe halafu unaipandikizia bluu, kwahiyo haikufundishi kitu. Hii bora utafute dawa ufanye kweli, jua tunalo bure.

Tuje kwenye mwanga. Rembrandt, Mholanzi, 1606 hadi 1669, mchoraji sio mpiga picha, lakini wapiga picha dunia nzima wanatumia jina lake kwa ule mwanga unaotoka upande mmoja juu kidogo, nusu ya uso ipo gizani na chini ya jicho la upande wa giza kuna pembetatu ndogo ya mwanga. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa ajili ya hii kitu, ukuta mnene, chumba cheusi, mlango mmoja. Nilimuomba mzee mmoja jirani.

"Shikamoo babu, naomba nikupige picha hapo ulipokaa."

"Marahaba. Za kitambulisho?"

"Hapana babu, za sanaa."

"Aa, basi sivui kofia."

Akakaa ndani kidogo ya mlango, kofia yake ya vito ikashika mwanga, pembetatu ikakaa mahali pake. Kitu cha kwanza, zima ile HDR ya simu, maana simu za siku hizi zikiona giza zinalijaza mwanga zenyewe kana kwamba giza ni ugonjwa. Kitu cha pili, weka leya, yaani tabaka jipya juu ya picha, ya kijivu cha katikati, ibadilishe modi, ile namna inavyochanganyika na picha ya chini, iwe ya mwanga laini, halafu unapaka nyeupe kwa brashi dhaifu sana pale unapotaka pang'ae na nyeusi pale unapotaka pazame. Picha yenyewe hujaigusa, ukiharibu unafuta leya. Hii ni kazi ya chumba cha giza, mafundi walikuwa wanaziba mwanga kwa kipande cha karatasi kwenye waya ili sehemu isiungue, au wanaupitisha katikati ya vidole ili sehemu ikolee, na ndo maana kwenye Photoshop alama za vifaa hivyo viwili ni kijiti chenye duara na mkono uliokunjwa. Mi nilikuwa nadhani ni pipi ya kijiti.

Nilichojifunza kwa babu ni kwamba ngozi nyeusi umbo lake linabebwa na mng'ao zaidi ya kivuli. Paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu, mstari mwembamba kwenye taya. Paka hapo, kidogo, na giza uliache liwe giza. Vijana wengi mnawapausha watu halafu mnasema mmewang'arisha, hapana bwana.

Ila shule yenyewe hasa, kwa sisi wa huku, mi naona ipo kwenye studio za pwani. Zanzibar kuna Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza 1930. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, fundi wa kukata picha za wateja na kuziunganisha kwa mkono, leya na maski kabla ya leya na maski. Mbali kidogo, Bamako kule Mali, Seydou Keïta alifungua studio 1948, akawa anapiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma kaning'iniza kitambaa cha maua, na mara nyingi mteja anapigwa mara moja tu kwa sababu filamu ni pesa. Nimemuiga kwa kanga mbili ukutani na mdogo wangu kavaa gauni la kitenge, na cha kushangaza kuediti hakukuwa na kazi, ni kuweka nyeusi na nyeupe na kuhakikisha maua ya nyuma hayalingani mwanga na maua ya gauni, vinginevyo mtu anamezwa na ukuta.

Na zile zilizopakwa rangi kwa mkono. Bibi anayo moja ya ujanani mwake, nyeusi na nyeupe, fundi kampaka wekundu midomoni, waridi kidogo mashavuni, na njano kwenye hereni. Ukiisogeza karibu ile njano imetoka nje ya hereni imegusa shingo. Kanga hakuipaka kabisa. Nimeiskani nikajaribu kuifanyia hivyo picha ya dada yangu, leya mpya, modi ya rangi, brashi dhaifu, na siri nzima ni kujizuia, ukipaka kila kitu inakuwa katuni. Midomo, hereni, basi toa mkono.

Tingatinga watu wananiuliza sana. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar 1968 kwa rangi za kung'aa za mafuta kwenye vibao, akafa 1972, na hapa Bagamoyo michoro ya mtindo wake inauzwa mpaka leo. Kuna kibonyezo cha kupunguza idadi ya rangi kwenye picha na watu wanakitumia wanasema wamepata Tingatinga. Hamjapata. Yule mchoraji hakunakili tembo mwenye kivuli, tembo katoka kichwani mwake na madoa yake. Picha ya simu uisage utakavyo bado ni picha ya simu. Hii tuwaachie wenyewe.

Jambo lingine, hizi picha za kuiga usizirushe kwenye magrupu bila maelezo. Mtu akishaandika "Bagamoyo 1895" juu yake imeisha hiyo, inazunguka miaka, watoto wanaiweka kwenye kazi za shule. Ndo maana mi kwenye picha za mtindo wa Kijerumani nguzo ya umeme siifuti, bodaboda akiwepo kwenye kona anabaki, na jina la faili naandika "kuiga" mwanzoni kabisa.

Kinachofuata nataka Autochrome, sahani ya picha za rangi ya wale ndugu wa Kifaransa akina Lumière, iliyoingia sokoni 1907, wanga wa viazi uliotiwa rangi ya chungwa, kijani na urujuani ukanyunyizwa kwenye kioo, chenga mamilioni kwenye sahani moja. Nimeanza kutengeneza leya ya hizo chenga na kompyuta inaganda kila nikihifadhi, kwahiyo mwenye mashine ya RAM GB 8 na kuendelea aliyepo Bagamoyo anishtue, soda juu yangu.